Kalondu na Kiapo cha Nzouni

Siku Kalondu alipopiga kithitu, mbwa wa kijiji kizima walinyamaza. Ndivyo wanavyosimulia watu wa kule chini ya Kambu, na kwa kutia chumvi watu hao huwawezi. Lakini kwamba alipiga, hilo halina chumvi hata chembe. Mwanamke, mjane, mshirika wa kanisa aliyezoea kuketi benchi la mbele, alishika fimbo mbele ya wanaume na kuapa kiapo ambacho hata wanaume wenyewe wakikitaja hupunguza sauti. Tena aliapa kwa ajili ya ndovu.

Usicheke. Ndovu hao hao walikuwa wamemwangushia ghala na kumlazia mtama wote chini kama mkeka.

Nzouni ulikuwa msitu mdogo bondeni, kati ya barabara kuu ya Mombasa na mbuga. Katikati yake palikuwa na chemchemi iliyokataa kukauka, hata kiangazi kilipowafanya watu wachemshe mizizi. Ndovu walitoka mbugani kuja kunywa, wakarudi. Kila nyumba iliwalaani, na Kalondu aliwalaani kwa sauti kuliko wote, maana hakuwa mtu wa kulaani kimoyomoyo.

Hata hivyo alikuwa amezaliwa upande wa Matiliku, chini ya kilima kilichokuwa na msitu wake na maji yake. Utotoni aliona wanyama wa kilima kile wakimalizwa mmoja mmoja. Walipokwisha, watu wakaacha kuogopa kuingia. Wachoma makaa wakapanda na mashoka, kilima kikabaki upara, maji yakaingia ardhini yasirudi. Mama yake alitembea kutafuta maji mpaka mgongo ukapinda. Kalondu alilisahau jina la kilima kile makusudi, lakini hakukisahau.

"Mnawachukia ndovu?" aliwauliza wanawake wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kulimiana na kuchimbiana mitaro. "Hata mimi nawachukia. Lakini niambieni, mwanamume gani hapa anaingia Nzouni peke yake na shoka? Hayuko! Wanaogopa kukanyagwa. Ndovu ni askari wetu wa bure. Siku yule wa mwisho atakapoanguka, kesho yake mashoka yako ndani. Na miti ikienda, hiyo chemchemi mtaiita na haitaitika."

Wanawake walicheka kwanza. Kisha mmoja akaacha kucheka, akamtazama mwenzake, na kicheko kikafa kikundini. Kuanzia hapo wakawa na kazi ya pili. Waliketi kwenye njia ya msituni na majembe yao mapajani, mchoma makaa akija anakuta ukuta wa leso. Walienda baraza la chifu wakaimba mpaka akawaambia, "Nimesikia." Neno hilo, kwa machifu wa siku zile, halikuwa na uhusiano wowote na masikio.

Basi ikaja miaka ya sabini na ukame wake, na pamoja na ukame wakaja watu wenye magari mazuri, wakisimama kando ya barabara kuu na kuuliza pembe. Hawakutaja majina. Hawakuwa wa kabila moja wala wa rangi moja. Wakamba ni watu wa upinde tangu zamani, na sumu ya mshale, ile ivai ya kuchemshwa mpaka iwe nyeusi kama lami, bado wazee kadhaa waliijua. Siku moja akina mama wakakuta ndovu jike amelala karibu na chemchemi, uso umekatwa, nzi wamejaa. Hawajamaliza kushangaa, moshi wa makaa ukaonekana ukipanda upande wa pili wa bonde.

Kalondu alishikwa na hofu ya kweli. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Musembi, mtunzaji wa kithitu.

Kithitu ni kitu kidogo tu kukitazama, kimefungwa ndani ya ngozi, hakishikwi kwa mkono mtupu. Mtu hukipiga kwa fimbo huku akiapa. Akivunja alichoapa, kinamfuata. Kisipompata yeye kinachukua wa nyumbani kwake, na hakina haraka, kinaweza kungoja mavuno baada ya mavuno. Ndivyo walivyoamini watu wote, pamoja na wale waliosema kanisani kwamba hawaamini.

"Mama Kiilu," Musembi alisema, "umefikiri? Hiki si mbwa, ukimaliza kuwinda unamwita arudi."

"Nimefikiri, mzee. Chifu amesikia, serikali imesikia, Mungu naye nimemwambia. Kila nyumba ije ipige. Mtu asimwage damu Nzouni, asiingize shoka."

"Kila nyumba, mwanamume wake lazima asimame. Mumeo Kisilu alikufa. Mwanao Kiilu yuko wapi?"

"Mombasa, bandarini."

"Basi asubiriwe."

"Mpaka lini?" Kalondu alipandisha sauti. "Mpaka wabaki nzi peke yao? Mimi ndiye nyumba, mzee. Nimemzaa, nimemlea peke yangu. Nitapiga kwa niaba yangu na yake."

Musembi alichora chini kwa kidole. Angesema hapana. Hata yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba mdomo ulifunguka kusema hapana. Lakini nyumba nyingine zilikuwa zinaangalia nyumba ya Kalondu, na yeye asipopiga hakuna ambaye angepiga. Akakubali. Kalondu akapiga, nyumba nyingine zikafuata; kosa la kumwapia asiyekuwepo likafanyika mchana kweupe, watu wazima wakitazama.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa, akamwambia amechagua meza ya mashetani na asiguse tena meza ya Bwana. Kalondu alitoka akiwa ameinua kichwa. Alilia alipofika nyumbani, si kidogo. Alilipenda kanisa lile. Lakini moshi wa makaa ulikuwa umezimika, na wanaume walipokata kona kuzunguka Nzouni badala ya kupita ndani, alijipa moyo kwamba machozi yake yamenunua kitu.

Kisha Kiilu akarudi.

Alirudi na mke, Kalunde, na mtoto mchanga wa kiume aitwaye Mutiso, na sanduku jepesi. Kazi bandarini ilikuwa imekwisha. Lo, furaha ya Kalondu! Alimbeba mjukuu kutwa nzima, hakumwachia mtu. Na jioni wakila, kwa sababu alijivuna na hakuona aibu kujivuna, akamsimulia mwanawe habari ya kiapo, mwanzo mpaka mwisho.

Kiilu alicheka. "Mwaitu, mama yangu, wewe ni kiboko! Kwa hiyo nikiwa nabeba magunia Kilindini, mdomo wangu ulikuwa huku unaapa?"

"Niliapa kwa niaba yako, ndiyo."

"Haya. Lakini hicho kitu hakinijui mimi. Sijakigusa."

Alisema hivyo kwa utani tu, akamega ugali. Kalondu ndiye aliyeacha kula.

Mvua za mwaka ule zilikuja siku chache, zikaondoka. Ng'ombe walianguka. Pale Kambu palikuwa na Abukar, mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka kaskazini mashariki, mtu mpole mwenye duka la mabati. Akina mama walikuwa wamempa ruhusa ya kunywesha mbuzi wake chini ya chemchemi, naye aliishika ruhusa hiyo kama amana. Asubuhi moja akaja mpaka uani kwa Kalondu, akakataa kukaa.

"Mama Kiilu, mbuzi wangu wawili walipotea, nikawafuata ndani. Kuna kitu nimeona. Naomba uje uone wewe kabla ya mtu mwingine."

Alikuwa ndovu dume. Alikufa vibaya, polepole, kwa jinsi alivyoivuruga ardhi. Pembe hazikuwepo. Chini yake palikuwa na mshale uliovunjika. Abukar aliutoa kwa kitambaa, akampa Kalondu, akageuza uso.

Mwindaji wa Kikamba hachongi mshale bila alama. Kuna alama ya mbari, halafu chini yake alama ya mtu mwenyewe, ili mnyama akianguka mbali ajulikane ni wa nani. Kalondu alizisoma zote mbili kwa kidole gumba. Alama ya mtu ilikuwa ya Kisilu, marehemu mumewe. Podo la Kisilu lilikuwa limetundikwa darini juu ya kitanda chake tangu mazishi, na hakuhitaji kurudi nyumbani kujua kwamba halina kitu.

Na hapa lazima tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakujificha. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mwanawe. Aliwaza, *sasa Nzouni umekwisha*. Mwenye kiapo kakivunja mwenyewe, nani ataogopa tena? La pili ndilo lilikuwa Kiilu. Akajichukia papo hapo, akiwa amesimama kati ya nzi.

"Kiapo chenu mimi sikijui," Abukar alisema taratibu. "Lakini kwetu ningekuambia, mpeleke kijana kwa wazee, azungumze, yaishe. Mimi sikuona kitu."

Kiilu hakukana. Alikuwa anatengeneza ukingo wa boma, akaendelea kufunga miti huku akimsikiliza.

"Mtoto wangu ale nini, mwaitu? Majani ya Nzouni? Au ale kiapo?"

"Nenda kwa Musembi. Sema kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulifanya. Atachinjwa mbuzi, utaoshwa kwa dawa, kiapo kitakuacha. Njia ipo, mwanangu! Lakini lazima useme wewe."

"Nikisema kwa Musembi leo, kesho chifu anajua, kesho kutwa niko ndani. Wewe unajua jela ya ndovu ni miaka mingapi?"

"Na usiposema utakufa! Wewe au huyu mtoto!"

"Hayo ni yenu ya zamani." Kisha akageuka, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Niambie tu kitu kimoja. Unaogopa nife, ama unaogopa watu watasema nini juu ya huo msitu wako?"

Macho ya Kalondu yakakimbilia upande wa msitu, na Kiilu akaona yalikokimbilia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini kama nguo yenyewe unaipenda. Kalondu aliuzika mshale chini ya jiwe la kusagia, akanyamaza.

Kunyamaza kule kulimla. Ng'ombe aliharibu mimba, akasema kithitu kimeanza. Kalunde akateleza mtoni akaumia nyonga, akasema kinakaribia. Bundi hakuhitajika, hata kuku aliyetaga yai lisilo na ganda alimkosesha usingizi. Aliacha kwenda kwenye mwethya. Wanawake walidhani anaumwa. Walimletea uji na habari njema, kwamba Nzouni umetulia, kwamba sasa hata vijiji vya jirani vinataka kuapa kama yeye. Alishukuru, akameza uji kama anameza mchanga. Kila siku alimwambia Kiilu, "Sema." Kila siku Kiilu alitoka nje.

Halafu Mutiso akaugua.

Kwanza macho mekundu, kisha kikohozi, kisha mwili ukawaka. Kalondu aliweka kiganja kwenye kipaji cha mtoto, akakiondoa kama aliyegusa sufuria. Usiku kucha wanawake wawili walipokezana kumkanda kwa maji. Asubuhi Kiilu alikuwa ameketi mlangoni, uso umesawijika, naye pia hakulala.

"Sema," Kalondu akamwambia. "Nakupigia magoti, mimi mama yako. Twende kwa Musembi sasa hivi."

"Ni surua, mwaitu. Watoto wote wa Kambu wana surua."

"Sema!"

"Surua haiponi kwa kusema."

Kalondu alisimama. Akaenda kwenye jiwe la kusagia, akafukua mshale, akaufunga ndani ya leso. Nyuma yake alisikia Kalunde akimwita, lakini alishaanza kukimbia, na mwanamke wa umri wake akikimbia watu humpisha. Siku hiyo chifu alikuwa na baraza. Wazee walikuwepo, Musembi alikuwepo, nusu ya wanawake wa mwethya walikuwepo. Kalondu alipita katikati yao hadi mbele, akaweka mshale chini.

"Ndovu dume alikufa Nzouni," alisema, pumzi ikimkatika. "Aliyemuua ni Kiilu, mwanangu. Alama hiyo ni ya baba yake. Nimesema. Mzee Musembi, umesikia? Nimesema! Mwacheni mtoto!"

Wanawake walishika midomo. Chifu aliutazama mshale, akawatazama askari wake, na safari hii alikuwa amesikia kwelikweli. Askari wakaondoka. Kalondu hakuwaangalia. Alikuwa anamwangalia Musembi, akingoja uso wa mzee ulegee.

Haukulegea. "Mama Kiilu," Musembi alisema kwa huzuni, "uliapa kwa niaba yake. Sasa umekiri kwa niaba yake. Mdomo wake uko wapi?"

Alirudi nyumbani akijikwaa. Kiilu alikuwa tayari ameshafungwa pingu, anasukumwa kwenye njia, na walipopishana hakugeuza shingo. Ndani, Kalunde alikuwa amempakata mtoto anamlisha uji kwa kijiko. Mutiso alikuwa dhaifu, lakini alikuwa anameza.

"Homa ilishuka asubuhi," Kalunde alisema bila kuinua macho. "Wewe unatoka, yeye anaomba uji. Nilikuita. Nilikuita sana."

Aiya! Mtu atasema nini hapo? Kalondu aliketi sakafuni, akaomba ardhi impasukie. Haikupasuka.

Nzouni ndio uliofaidika. Habari zilienda mpaka Kikima na huko mbele, kwamba kuna mwanamke alimtoa mwanawe wa pekee kwa ajili ya msitu. Walioogopa kithitu waliogopa, na wasioogopa kithitu walimwogopa Kalondu. Hakuna shoka lililoingia tena. Bwana mmoja wa idara ya wanyama alikuja na gari, akamshika mkono mbele ya watu, akasema laiti kila kijiji kingekuwa na mama kama huyu. Kalunde alikuwa amesimama nyuma ya umati na mtoto mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na mtungi wake.

Kalondu alikwenda jela mara tu aliporuhusiwa. Kati yao palikuwa na waya. Kiilu alikuwa amekonda, anakohoa kidogo.

"Nimeongea na Musembi," Kalondu alimwambia haraka, maana muda waliopewa ulikuwa mfupi. "Amesema hata hapa inafaa. Atakuja yeye mwenyewe na dawa, useme maneno machache tu. Umeshafungwa, Kiilu, hakuna tena cha kuficha. Sema tu, mwanangu. Niliyoyafanya nihukumu baadaye, unitukane, usinizike. Lakini sema."

Kiilu alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

"Sema mwenyewe, mwaitu," akajibu. "Si wewe ndiye mdomo wa nyumba yetu?"

Akamwita askari, akasema amemaliza.

Alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata. Waliambiwa ni mapafu. Mchungaji alikuja matangani, akasema kifua kikuu kimejaa jela zote na watu waache upumbavu. Wazee waliinamisha vichwa kwa heshima, wasibishane naye. Kalondu aliwasikiliza wote, na hakuna aliyemsaidia. Kama ni mapafu, basi alimpeleka kwenye mapafu hayo kwa miguu yake, akikimbia. Kama ni kiapo, ni mkono wake ulioshika fimbo. Aligeuza huku, akageuza kule, akajikuta pale pale.

Kalunde hakupiga mayowe mbele ya watu. Matanga yalipokwisha alifua nguo za mtoto, akaanika, akangoja zikauke. Kisha akamfuata mama mkwe wake nyuma ya nyumba.

"Mwaitu, nina swali. Siku ile ulipopiga kithitu, ulisema nini? Neno kwa neno."

Kalondu angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angemsuta, labda Musembi, na Musembi alikuwa mzee. Lakini alikuwa amechoka, na mkwewe huyu hakuwahi kumwinulia sauti hata siku moja.

"Nilisema nyumba yangu. Mimi, na Kiilu." Akakaza fundo la leso. "Na watakaozaliwa."

Kalunde aligeuka kumtazama Mutiso. Mtoto alikuwa ameanza kutembea siku zile. Alikuwa anawafukuza vifaranga uani, akianguka na kuinuka, akicheka peke yake. Ng'ambo ya boma, karibu kabisa, ilianza miti ya Nzouni.

"Kwa hiyo na huyu."

"Asipogusa kitu humo hana shida, Kalunde. Tutamfundisha. Tangu mdogo tutamfundisha."

"Baba yake ulimfundisha kila kitu," Kalunde alisema.

Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga mzigo wake aende kwao Matiliku, na hakusema atarudi lini. Wanawake wa mwethya walikuwa wanapita kwenda chemchemini na mitungi. Wakamsalimu Kalondu kwa ile heshima yao mpya, kwa mbali, wakaharakisha. Kalondu alitoka ndani akijifunga leso nyingine kiunoni. Njia ya kwenda barabarani ilikuwa ndefu, jua lilishaanza kuchoma, na mzigo wa Kalunde ulikuwa mzito. Akanyoosha mikono ili amchukue mtoto.

Kalunde alirudi nyuma hatua moja, akamkumbatia mtoto kifuani.

"Usimbebe, mwaitu," alisema. "Tafadhali."

Kalondu akateremsha mikono. Akasimama hapo hapo uani akiwaangalia, mtoto akimpungia mkono kutoka begani kwa mama yake, mpaka wakashika barabara.